Siku Bibi Alipovua Kitambaa

Kwa miezi mitatu nilimtafuta mwanamke mzee mwenye nywele nyeusi tii.

Nilimtafuta ndani ya makopo. Studio ya picha ninakofanya kazi, hapa Mabatini, ina chumba cha nyuma, na chumba hicho kilijaa makopo ya biskuti na ya maziwa ya unga mpaka usawa wa dirisha. Ndani ya makopo kulikuwa na negativu, vile vipande vya mikanda ya picha za zamani, vimekatwa picha sita sita na kutiwa kwenye bahasha. Wadogo zangu wa siku hizi hawavijui. Ukikinyanyua kimoja kwenye mwanga unaona watu wadogo kama punje za maharage, na kila kitu chao kimegeuzwa. Suti nyeusi ni nyeupe, shati jeupe ni jeusi, na watoto wa komunyo waliovaa magauni meupe wamesimama kwenye mstari kama wajane wadogo. Bibi yangu alikuwa na mvi kichwa kizima, nyeupe kama pamba iliyopasuka shambani. Kwa hiyo nilijua nikimpata kwenye negativu atakuwa na nywele nyeusi, msichana kuliko mimi mwenyewe.

Picha niliyokuwa naitafuta ni moja tu. Mimi na bibi, siku ya komunyo yangu ya kwanza, Sengerema, nikiwa na miaka tisa. Ilipigwa. Mwanga wa flashi niliuona kwa macho yangu haya. Lakini haikutufikia, tuliambiwa imeungua.

Bibi ndiye aliyenilea, kwa sababu mama alikuwa na kazi huku Mwanza na kazi yenyewe haikutaka mtoto. Alifariki nikiwa kidato cha tatu. Sura yake tuliyobaki nayo ni ile ya kwenye kadi ya kura, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Amefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi na anamkodolea macho karani kana kwamba karani ndiye aliyemla kuku wake. Mgeni akiiona anasema, "Huyu bibi alikuwa mkali." Hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa akicheka lazima akae chini kwanza. Lakini mimi ni nani nibishane na kadi ya serikali?

Siku ya komunyo mvua ilinyesha tangu misa inaanza, basi picha zikapigwa ndani ya ukumbi wa parokia. Mpiga picha alikuwa amevuka na kivuko cha asubuhi kutoka Mwanza, mwanaume mwenye kofia, na kwangu uso wake ulikuwa ni ile kamera. Watoto tulipanga foleni na wazazi wetu. Mimi nilikuwa nawapisha wenzangu mmoja mmoja, kwa sababu bibi alikuwa jikoni kwenye masufuria ya wageni na alikuwa amesema nisithubutu kupigwa bila yeye. Alipotokea, watu walikuwa wameshaanza kutawanyika. Alikuja mbio, mikono inanuka vitunguu, ananivuta.

"Ngoja baba, ngoja! Bado sisi!"

Akanisimamisha ukutani, akasimama ubavuni kwangu, halafu akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya mbele ya watu. Alivua kitambaa. Akakikunja, akakitia kwapani, akapitisha kiganja juu ya mvi zake. Mama mmoja wa kwaya akapiga kelele, "Bibi leo umeamua! Leo bi harusi ni wewe!" Wenzake wakacheka.

"Nyie chekeni," bibi akasema. "Mtoto huyu atakuja kuwa na watoto, nao watakuwa na watoto. Nataka wauone uso wangu, wasije wakadhani bibi yao alikuwa kitambaa."

Akanishika vidole, akavibana. Mwanga ukawaka.

"Imeingia?" bibi akauliza.

"Imeingia, bibi," akajibu yule mwanaume, tayari anafunga zipu ya begi.

Tulipofika nyumbani bibi hakusubiri chochote. Alitafuta jiwe, akapigilia msumari ukutani, sebuleni, juu ya kiti chake. Wiki mbili baadaye mpiga picha akarudi na bahasha zake, akagawa kanisani. Alipofika kwetu akatikisa kichwa.

"Ya kwenu imeungua, bibi."

"Imeungua na nini?"

"Mwanga ulizidi."

Bibi alinigeukia akanitazama, halafu akakaa chini pale pale kwenye benchi, nikajua anacheka. "Umesikia, mayu? Mvi zangu zimechoma kamera ya watu." Aliniita mayu, yaani mama, kama wazee wetu wa Kisukuma wanavyowaita watoto wa kike. Nami nikacheka. Lakini msumari hakuung'oa. Kila alipoona mtu ameshuka kutoka kivukoni na begi la mshipi alimwuliza, "Wewe baba, si mpiga picha?" Mpaka namaliza darasa la saba alikuwa bado anauliza. Juu ya ule msumari ilining'inia kalenda, halafu begi langu la shule, halafu rozari. Picha, hapana.

Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yalinishauri nitafute shughuli nyingine. Rafiki yangu tuliyekomunika siku moja alikuwa na picha yake ya siku ile, na nyuma yake kulikuwa na muhuri wa bluu wenye jina la studio na neno Mabatini. Nikavuka nikaja Mwanza kukaa na mama, Buswelu, na wiki hiyo hiyo nikaenda kupiga hodi kwenye ile studio kuomba nijifunze kazi. Watu walidhani napenda sana picha. Ni kweli napenda, lakini kupenda kulikuja baadaye. Mwanzoni nilifuata muhuri.

Mwenye studio, ambaye wote tunamwita Mzee, ni mtu wa Kagera, msafi, suruali yake ina mkunjo wa pasi hata siku ya kufagia, na kofia haimtoki kichwani. Anatafuna kahawa kavu kama wanavyofanya kwao, na ukimwamkia "Shikamoo Mzee" anaitika "Marahaba" huku anakutilia buni mbili kiganjani. Alinifundisha kamera ya dijitali, alinifundisha kupanga watu warefu na wafupi bila kuwaudhi, na makopo alinikataza kuyagusa. Miaka miwili nikayatazama tu kwa mlango ulio wazi. Sikumwuliza kama ndiye yule mwanaume mwenye kofia. Niliogopa kuuliza kwa sababu mtu akiulizwa anaweza kujibu.

Halafu mwenye nyumba akakitaka chumba cha nyuma ampangishe dada wa saluni. Mzee akanikabidhi makopo yote. "Chambua. Harusi na misiba weka. Zilizobaki tutachoma, hakuna anayeziulizia."

Nikashtuka kidogo. Tena nikakumbuka alivyowahi kunisimulia kwamba siku moja ya kupatwa kwa jua watu wa mtaani walikuja kuomba negativu za kutazamia, wakaondoka na kopo zima. Nikawaza, kumbe inawezekana bibi yangu yuko Igoma kwenye kabati la mtu, alishatumika kuangalia jua.

Lakini nilikuwa na tumaini, na tumaini lenyewe alinipa Mzee bila kujua. Nilimwuliza siku moja, kana kwamba nauliza mambo ya kazi tu, picha ikiungua inakuwaje. Akasema haifi. Kwenye negativu inakuwa nyeusi zaidi, nzito, na zamani mashine za kusafishia zilishindwa kuipenya, ila kwa kompyuta za siku hizi unaweza kumvuta mtu akatoka. Akatoka! Nilirudi Buswelu siku hiyo naimba njia nzima. Basi kila mapumziko ya mchana, wateja wa paspoti wakipungua, nilisimama dirishani na kipande mkononi, natafuta hall ya parokia, magauni meusi, na bibi mmoja mzito, mweusi, aliyeungua.

Makopo yale yalinibadilisha. Nilianza kuitamani kamera ya mkanda ya Mzee, iliyokaa rafuni kama kuku aliyeatamia. Nilitaka kuitumia. Nikachukua karatasi, nikagawa katikati, upande mmoja mkanda, upande mwingine dijitali, nikaanza kuandika gharama. Mzee akaja akasimama nyuma yangu, akasoma, akacheka.

"Wewe mtoto una kichaa. Mkanda unaagiza Dar, na Dar nao wanaagiza. Bei ya mmoja unakula sato wiki nzima na familia yako. Haya, umeshapiga. Unasafishia wapi? Mashine ya mwisho ya mji huu waliiuza chuma chakavu. Unapakia kwenye basi, unasubiri, unaomba Mungu kondakta asiukalie."

"Lakini Mzee, negativu ya miaka mingi hii hapa nimeishika. Harusi ya dijitali ya mwaka juzi iko wapi?"

"Iko wapi?"

"Walisema niwatumie kwenye simu. Nikawatumia, nikafuta kadi nipate nafasi."

"Sawa kabisa. Unapiga mia nane, wanachagua kumi, hakuna anayekulilia. Hujui mateso ya thelathini na sita." Akavuta stuli, akakaa. "Kuna gharama hukuiandika hapo. Mkanda ulikuwa na picha thelathini na sita, na zikiisha, watu hawajaisha. Bado wamejipanga, wamepaka mafuta, wamefunga tai. Unafanyaje? Unawapiga flashi kavu."

"Flashi kavu ndiyo nini?"

"Unabonyeza kidude cha flashi peke yake. Mwanga unawaka, wanatabasamu, wanaenda wameridhika. Ndani hamna kitu." Alikuwa anacheka kwa raha kabisa, kama mtu anayesimulia utoro wa shule. "Wapiga picha wote wa mikanda tulifanya. Watoto wa mitaani ndio tuliwapiga sana, wao walitaka mwanga tu, picha hawana habari nayo. Na mtu mzima akija kudai, jibu lipo. Imeungua."

Nami nilikuwa nacheka. Naandika haya na nakumbuka vizuri kwamba mdomo wangu ulikuwa bado umecheka alipoendelea.

"Mmoja tu ndiye hanitoki. Kule ng'ambo, Sengerema. Siku ya komunyo, mvua, mkanda umeisha na nafunga begi. Naona bibi anakuja mbio na kitoto. Nikafungua mdomo nimwambie mama, zimekwisha. Akavua kitambaa." Mzee akapitisha kiganja juu ya kofia yake, vile vile, kutoka mbele kwenda nyuma. "Mvi zote nje, mbele ya kwaya nzima. Sasa ningemwambia nini? Avae tena?"

Mkononi nilikuwa na kipande. Nikaendelea kukitazama, nimekishika juu chini.

"Pole, Mzee," nikasema.

Ndiyo. Yeye ndiye niliyempa pole.

Siku mbili zilizofuata niliendelea kufungua makopo. Kichwa kilishajua, ila mikono ilikuwa haijaambiwa. Nilinyanyua vipande dirishani, naona harusi, naona mahafali, naona jamaa wamekalia pikipiki ya kuazima chini ya yale mawe makubwa ya ziwani, na kila mwanamke mwenye nywele nyeusi moyo unaruka. Bibi hakuungua. Kuungua ni lazima kwanza uingie. Sisi tulisimama pale tumeshikana vidole, tukatabasamu kwa taa.

Nilimchukia Mzee kiasi. Nasema kiasi kwa sababu siwezi kumchukia mtu anayenitilia buni kiganjani kila asubuhi. Nilizipokea, nikazitia mfukoni bila kutafuna, na hiyo ndiyo ilikuwa vita yangu yote.

Siku ya tatu akaja mama mmoja wa Buswelu, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Alikuwa amevaa kanga ya kutokea na amejipodoa kama anakwenda benki.

"Mdogo wangu, nimekuja kuchukua ile picha."

"Ipi, dada?"

"Ya mahafali ya chekechea. Baba yake amembeba mwanangu mabegani, mtoto anamvuta masikio. Ulinitumia, ila simu ilidumbukia chooni, usicheke. Baba yake sasa yuko machimbo, Geita, anakuja kwa msimu kama mvua. Mtoto kila siku ananiambia nionyeshe baba akivutwa masikio."

Niliikumbuka picha ile. Naweza kuichora. Nilikumbuka pia jioni niliyoketi kitandani nikabonyeza futa zote, nikafurahi kuona kadi imekuwa nyepesi, kwa sababu Jumamosi ilikuwa na send-off. Mahafali mazima, watoto wote na majoho yao ya bluu, yaliondoka kwa kidole kimoja.

"Si uliniambia za dijitali hazipotei?" akasema, anacheka, bado ananiamini. "Itoe tu, nasubiri hapa."

Nikafungua mdomo. Na neno lililokuja, wallahi, lilikuwa limeshafika kwenye meno, lilikuwa ni lile lile. Imeungua. Dijitali haiungui, lakini yeye asingejua, angesema pole, angeondoka bila kunikasirikia. Angekwenda kumwambia mtoto. Na mtoto angesubiri.

"Dada, niliifuta," nikasema. "Niliifuta mwenyewe nipate nafasi ya nyingine. Nisamehe."

Kujipodoa kule kote kukawa hakuna kazi. "Ungenipigia hata simu kabla ya kufuta," akasema kwa sauti ya chini, akakusanya pochi yake. Mlangoni akageuka. "Basi angalau umesema." Hakusema kwaheri.

Mzee alikuwa ameyasikia yote kutoka kwenye mashine ya kutolea kopi. Akasema, "Ungemwambia kompyuta imeharibika. Kwa nini ujiumize?"

Hapo ndipo ikanitoka.

"Mzee, yule bibi wa Sengerema. Kile kitoto kilikuwa mimi."

Taya lake likaacha kutafuna. Mashine ya kopi ikatoa karatasi tatu, nne, hakuna aliyezipokea, zikaanguka sakafuni.

"Yuko?" akauliza.

"Hayupo."

Akavua kofia, akaiweka juu ya mashine. Niliona kwa mara ya kwanza kwamba naye kichwa chake ni cheupe chote.

"Alinikasirikia?"

"Alisema mvi zake zimechoma kamera yako."

Mzee akacheka, na kicheko kikamwendea vibaya katikati. Akachukua kile kitambaa laini cha kufutia lenzi, akajifuta macho.

"Alikuulizia, Mzee. Alikuulizia miaka. Kwa nini hukurudi ukampiga nyingine? Mkanda si ulikuwa unanunua mwingine?"

"Uongo wa kwanza nilimwonea huruma yeye," akasema. "Kumwambia imeungua, hapo nilijionea huruma mwenyewe. Na baada ya hapo ningerudije na kamera kumtazama? Niliacha hata kuvuka. Parokia ile nilimwachia mwenzangu." Akanitazama. "Kumbe makopo yote hayo ulikuwa unamtafuta yeye."

"Ndiyo."

"Hayupo kwenye makopo."

Akaenda kwenye meza yake, droo ya chini, ile yenye leseni na karatasi za kodi. Akatoa bahasha moja. Mkanda wa siku ile hakuuchanganya na mingine. Tukaenda dirishani, akanishikia kile kipande cha mwisho mwenyewe, nami nikamshika kiwiko. Namba thelathini na sita ni kwaya. Wamejipanga safu mbili, wanaume nyuma, akina mama mbele. Ukuta, dirisha la hall, kiti kimoja. Hakuna bibi. Hakuna mimi. Picha hii ilituacha nje, tulikuwa tunakuja.

Nikaomba niende nayo kwenye kompyuta. Nilifungua ukurasa mweupe kwenye simu, nikalaza negativu juu ya kioo chake, nikaipiga na kamera ya dijitali, nikazigeuza rangi. Watu wakarudi kwao. Weusi wakawa weusi, meupe yakawa meupe, sare za kwaya zikawa za kijani kibichi, nami nilikuwa nimesahau kabisa kwamba zilikuwa za kijani.

Nikazidi kuikuza picha, natafuta tu, sijui natafuta nini. Akina mama wote wanaangalia kamera isipokuwa mmoja, wa pili kutoka kushoto. Yeye kageuza uso pembeni, kuelekea mlango wa jikoni, mdomo wazi, anaanza kucheka. Nilimtambua kwa pengo la meno. Ndiye aliyepiga kelele kwamba bi harusi leo ni bibi. Wenzake bado hawajaona kitu. Yeye keshaona. Anamwona mwanamke anatoka kwenye masufuria mbio, anamburuta mtoto mwenye gauni jeupe. Tuko hatua tatu hivi nje ya picha.

"Mzee," nikasema, "huyu anamwangalia bibi."

Akainama. Akaangalia muda mrefu. "Anamwangalia," akasema.

Nilitia buni mdomoni, zile za siku tatu, nikatafuna zote kwa mpigo. Zilikuwa chungu ajabu.

Makopo hatukuyachoma. Yako Buswelu, chini ya kitanda changu, na mama analalamika kwamba nimemletea watu elfu kumi wasiokula. Kamera ya mkanda Mzee alinipa. Kazi za kunilisha bado nafanya kwa dijitali, sijawa mjinga, na kadi sifuti tena kabla sijamwuliza mwenye picha. Mkanda wangu wa kwanza uliletwa na basi kutoka Dar. Picha ya kwanza kabisa nilimpiga yule baba wa machimbo alipokuja sikukuu, mtoto mabegani. Mtoto amekua, vidole vimepata nguvu, masikio ya baba yake yalikoma. Mama yake alikuja kusimamia.

"Itatoka lini?"

"Wiki tatu, dada."

"Wiki tatu! Unaisafishia Ulaya?" Lakini alicheka, na akasubiri, na siku nilipompelekea aliipokea kwa mikono miwili.

Nimejiwekea jambo moja. Nikifika picha ya thelathini na tano nasimama. Ile ya mwisho naiacha ndani, natembea nayo, mpaka nikishanunua mkanda mwingine. Mzee ananicheka, anasema napoteza. Lakini siku zote nahisi kuna mtu anakuja mbio kutoka jikoni.

Mwezi uliopita nilivuka kwenda Sengerema. Daraja lipo, ila nilipanda kivuko, nikakaa upande wa upepo na bahasha tumboni chini ya sweta. Nyumba ya bibi sasa anaishi mjomba. Msumari upo, juu yake mjomba ametundika kofia yake ya mvua. Nikaitoa, nikatundika kwaya, kwenye fremu ya kioo niliyoinunua Mabatini.

Mjomba akasogea, akavaa miwani, akawakagua mmoja mmoja.

"Nani wetu humu?"

"Hakuna."

"Huyu wa pembeni anayecheka ni nani?"

"Simjui jina, mjomba."

"Kwa hiyo umevuka maji kunitundikia watu usiowajua? Kwenye msumari wa mama?"

"Mjomba, kaa hapa. Hapa kwenye kiti chake. Sasa mtazame macho huyu mama. Unaona anapoangalia?"

Mjomba akakaa. Akamtazama yule mama, halafu taratibu akafuata macho yake, akatoka kwenye fremu, akapita ukutani, mpaka nilipokuwa nimesimama mimi, na ile nafasi tupu ubavuni kwangu.